Ndugu yangu aliingiliwa akiwa rumande, na hataki mtu ajue

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa hapa Malindi, mtaa wa Barani. Nina mume na watoto, na jioni huuza viazi karai na bajia mbele ya nyumba. Hili ninalokuandikia sijamwambia mume wangu wala mama yangu. Limenishinda kulibeba peke yangu, na wewe angalau hunijui sura.

Nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama, ana miaka 20. Kazi yake ni bodaboda. Baada ya Idi alikamatwa pamoja na vijana wawili kwa tuhuma ya kuvunja duka. Yeye anasema aliwapakia kama abiria wengine, hakujua walikotoka wala walichobeba. Mimi namwamini, lakini hilo ni la mahakama. Alikana mashtaka, akapewa bondi ya laki moja na mdhamini. Sisi hatuna hati ya kuweka. Shamba la marehemu babu mpaka leo ndugu wanalivutania. Basi akarudishwa ndani, katika gereza moja la huku Pwani ambalo sitalitaja.

Mwanzoni nikienda kumtazama alikuwa akicheka, anauliza habari za timu yake, anawaulizia watoto. Mara hii ya mwisho alikuja akasimama. Wenziwe wote wameketi kwenye benchi wanaongea na jamaa zao, yeye kasimama kashika waya. Nikamwambia keti. Akasema amechoka kukaa. Nikamtolea vitu nilivyomletea, sabuni ya mche na dawa ya meno na kandambili mpya, akaninong'oneza nisimletee tena vitu vizuri. "Vinanitia deni," akasema.

Nikambana mpaka akasema. Usiku wa kwanza aliingia hana kitu. Mtu mmoja wa makamo akampa blanketi na nafasi ya kulala ukutani, akawa anamkingia chakula kisiporwe. Yeye akadhani kapata kaka. Baada ya siku chache yule mtu akataka alipwe. Walikuwa wawili. Anasema askari wa zamu alipita akamulika tochi, kisha akaenda zake. Wakati ananieleza, majuma mawili yalikuwa yameshapita.

Shangazi, nduguyo akilia mbele yako na huwezi hata kumshika mkono kwa sababu kuna waya, ni jambo baya sana. Alirudia neno moja: "Sikupiga kelele. Nilinyamaza. Basi si ni kama nilikubali?" Akaniuliza kama sala zake zinapokewa, maana anahisi hatakati hata akioga. Akaniapisha. Akasema akishtaki watamjua usiku huohuo, wanalala seli moja. Na akasema, "Ukimwambia mama, msinitegemee kutoka humu."

Niliporudi nilimuuliza mjomba wetu, nikajifanya ni habari za nduguye rafiki yangu. Akasema mwizi akienda jela anajua anachokifuata, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akasema kijana kama huyo akitoka apelekwe Mambrui akasomewe, na aozwe haraka, la sivyo atazoea. Nikanyamaza, lakini maneno yale yameniungua.

Kesi yake itatajwa tena mwezi ujao. Nifanye nini nikiwa huku nje? Hospitali atapelekwa na nani? Nikienda kushtaki ilhali yeye hataki, nitakuwa nimemkosea? Ukimwi je? Na mama nimwambie au nisimwambie? Kila siku ananiuliza mbona sina raha.

Dada Mtu, Malindi

*

Marahaba mwanangu. Pole, na pole zaidi kwa nduguyo. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia.

Kuna maneno ambayo wewe umeyapita upesi nami nimeshindwa kuyapita: "msinitegemee kutoka humu." Huenda alitaka tu kukuziba mdomo. Huenda pia anafikiria kujiua. Kijana aliyefanyiwa haya, aliyefungiwa pamoja na waliomfanyia, ana sababu nyingi za kuona hakuna njia. Rudi kumtazama juma hilihili, usingoje siku ya kesi, na umuulize wazi: "Je, unafikiria kujitoa uhai?" Usiogope kwamba utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Kuulizwa hakuleti wazo hilo, na mara nyingi aliye nalo hupumua anapopata wa kumwambia. Akikujibu ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, hapo ahadi ya siri ina mpaka wake. Siku hiyohiyo, kabla hujatoka langoni, omba kumuona mkuu wa gereza au mhudumu wa zahanati ya gereza na useme: "Ndugu yangu yuko katika hatari ya kujidhuru, naomba ahamishwe seli na aonwe na daktari leo." Hulazimiki kueleza kilichomsibu. Umeokoa uhai wake na siri yake bado ni yake.

Sasa blanketi. Nataka umwambie nduguyo hili, kwa sauti ya chini, hata mara kumi. Mtu akiingia mahali penye baridi na njaa na watu asiowajua, akapewa blanketi, ameshukuru. Hakutia saini mkataba wowote. Hila hii ni kongwe katika rumande na magereza mengi duniani: mpe mgeni kitu siku ya kwanza, mkinge mbele za watu, kisha mdai. Mdai anachagua kijana, mgeni, asiye na jamaa wa karibu wala ujuzi wa mambo ya ndani. Kilichompata nduguyo kilipangwa tangu usiku ule wa kwanza, na aliyepanga ni yule mtu wa makamo.

Na kunyamaza pia si kukubali. Mwili wa binadamu ukizidiwa na hofu unaweza kuganda, sauti ikakatika, viungo vikafa ganzi. Wanaume wengi waliofanyiwa haya wanasema hivyohivyo: nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Wapo pia ambao mwili ulifanya jambo ambalo wao wenyewe hawakulitaka, na hilo likawa fundo la moyoni miaka na miaka, wakidhani lina maana. Halina. Mwili hujibu wenyewe hata mwenyewe akiwa anataka kufa. Usimuulize habari hiyo, lakini ukiona kuna jambo anashindwa kulisema, mtajie kwamba hutokea, na kwamba madaktari wanalijua.

Habari ya sala. Mwambie aswali. Aliyelazimishwa hana dhambi ya alicholazimishwa. Katika Surat An-Nur, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anawataja hata wasichana waliolazimishwa uchafu, akasema baada ya kulazimishwa kwao Yeye ni Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu. Aoge josho lake kama kawaida, asimame aswali. Kama gerezani huja sheikh kutoa mawaidha, na nduguyo anamwamini, hilo ni sikio jingine. Akiwa hamwamini, asimwambie.

Mjomba wenu sitamtukana, ni mkubwa wenu. Lakini alichosema ni kibaya, na nimekisikia mno vibarazani, tena kwa kicheko. Hakuna hakimu nchini Kenya aliyewahi kuwa na uwezo wa kumhukumu mtu kubakwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 51, inasema aliye kizuizini au gerezani anabaki na haki zake zote isipokuwa zile tu ambazo haziwezi kwenda pamoja na kufungwa kwake. Nduguyo hata hajahukumiwa. Ni mahabusu, mbele ya sheria hana hatia. Na hilo la kwamba "atazoea" halina ukweli wowote. Kitendo cha jeuri hakimgeuzi mtu matamanio yake. Kumuoza haraka ni kumbebesha binti wa watu jeraha ambalo halijatibiwa. Kusomewa dua ni kheri, mimi mwenyewe nasomewa, ila asomewe akiwa ameshaonwa na daktari.

Maana anahitaji daktari sasa. Umesema alisimama muda wote. Mtu asiyeweza kuketi majuma mawili baada ya tukio huenda ana jeraha ambalo halijapona au limeingia uchafu. Muulize kama anatokwa na damu au usaha, kama ana homa, kama kwenda haja ni mateso. Jibu likiwa ndiyo, asingoje. Aende zahanati ya gereza aseme ana maumivu makali ya haja kubwa na anaomba kupelekwa hospitali ya serikali. Maneno hayo hayamfichulii mtu. Akifika mbele ya daktari au nesi hospitalini, hapo ningetamani aseme ukweli wote, kwa sababu vipimo atakavyofanyiwa vinategemea alichosema. Daktari ana wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa hata mgonjwa akiwa na pingu, na nduguyo ana haki ya kumwomba askari asimame mbali asisikie, hata kama lazima awe anamuona.

Ukimwi umeniuliza, nami sitakuficha. Dawa za kuzuia maambukizi, zile za PEP, huanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa ya mapema ni faida, kisha humezwa siku 28. Kwa tukio hilo saa hizo zimeshapita. Lakini bado anaishi na watu wale, na Mungu aepushe, likitokea tena hesabu inaanza upya, ajue hivyo. Kwa sasa apimwe virusi, kisha arudie kipimo baada ya miezi mitatu kwa sababu cha leo pekee hakitoshi kumwondolea shaka. Mara moja kutendwa haina maana ameambukizwa, na akikutwa nayo, dawa ziko na watu wanaishi nazo mpaka wanaona wajukuu. Apimwe pia kaswende na kisonono, apewe chanjo ya homa ya ini aina ya B, na jeraha litibiwe. Hayo yote bado yana manufaa leo, na hospitali ya serikali haitakiwi kumtoza manusura wa ubakaji.

Hapa niseme na wasomaji wengine kidogo, maana najua barua hii itasomwa na walio na mtu ndani. Likimfika mtu wenu, saa ndizo zinazokimbia. Walioko Malindi wana hospitali kubwa ya serikali mjini. Aliyeko gereza la Hindi, bara ya Lamu, kwake ni safari ya Mpeketoni au kuvuka maji mpaka hospitali ya King Fahd kule Amu, na boti haingoji saa 72 za mtu. Kwa hiyo msianze na majadiliano ya nani amwambie nani. Daktari kwanza. Na mtu akiweza, asioge wala asifue nguo alizokuwa nazo kabla ya kuonwa. Nguo zikae kwenye mfuko wa karatasi, kwenye plastiki zinaoza na ushahidi unaharibika.

Turudi kwako. Umeniuliza ukishtaki bila ridhaa yake utakuwa umemkosea. Ndiyo mwanangu, isipokuwa pale penye hatari ya roho. Nduguyo tayari ameshanyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Ukienda ukafungua mashtaka nyuma ya mgongo wake, kwa nia nzuri kabisa, umemnyang'anya mara ya pili, tena yeye ndiye atakayelala seli ileile usiku ule. Lakini kutoshtaki leo hakuna maana ya kukaa bure. Kutibiwa hakuhitaji kwanza kushtaki polisi. Kuhamishwa seli hakuhitaji kutaja jina la mtu. Kupunguziwa bondi hakuhitaji hata kutaja tukio. Hayo matatu mfikishie kama mambo ambayo yeye anachagua, moja moja, na akikataa moja leo mwulize tena mara nyingine.

Akiwa hospitalini amwombe daktari ajaze fomu ya PRC, fomu ya Wizara ya Afya ya manusura wa ubakaji. Inaandika alichokisema na alichoonekana nacho mwilini, na nakala yake inabaki. Hata kama hataki kesi, karatasi hiyo ikikaa inamngojea. Mwaka mmoja baadaye, akiwa nje, ametulia, akasema sasa nataka, atakuta kuna pa kuanzia. P3 ni ya polisi, hiyo itakuja siku akiamua kushtaki.

Na akishtaki, sheria iko upande wake zaidi ya anavyodhani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimbagui mwanamume: aliyelazimishwa ni aliyelazimishwa. Ubakaji hukumu yake haipungui miaka 10, na wakiwa zaidi ya mmoja kama hawa, haipungui miaka 15. Wapo wanaume wanaonyamaza kwa kuogopa kwamba wao wenyewe watashtakiwa kwa tendo lililo kinyume cha maumbile. Aliyefanyiwa bila ridhaa hakutenda kosa. Asidhani pia kwamba bila shahidi hana kesi; Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa maneno ya manusura peke yake katika makosa haya, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake. Na kama angekuwa amefanyiwa na msimamizi wa gereza aliyetumia cheo chake kumrubuni, sheria hiyo ya 2006 ina kifungu chake, cha 24, na hapo hata kisingizio cha kwamba mfungwa alikubali hakimwokoi: miaka isiyopungua 10.

Yule askari wa tochi ananikaa rohoni. Kumulika ukaona ukaenda zako, ukiwa unalipwa kuwalinda watu wale, ni kosa linalojitegemea. Ndiyo maana naona njia ya kupitia ndani ya gereza si ya kutegemea peke yake kwa nduguyo, ingawa wapo maofisa wa magereza waadilifu, na mkuu wa gereza aliye mwema angeweza kulimaliza la kuhamisha seli kwa dakika kumi. Njia ninayoiamini zaidi kwako ni mahakama. Hakimu ndiye aliyesaini karatasi iliyompeleka kule, na ana uwezo wa kuamuru mahabusu apelekwe hospitali, atenganishwe na watu fulani, au awekwe mahali pengine.

Fanya hivi. Mwezi ni mrefu. Nenda masjala ya mahakama ya Malindi na namba ya kesi mkononi, uulize namna ya kuomba faili liitwe mapema na mahabusu aletwe. Kama mna wakili, ni kazi yake. Kama hamna, uliza huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya wasio na uwezo. Mombasa pia kuna Kituo cha Sheria na MUHURI, mashirika ya kutetea haki, ambao wanazijua kesi za mahabusu wa Pwani. Wakili akipatikana ana haki ya kuongea na nduguyo askari akiwa anaona lakini hasikii, na hiyo ni nafasi ambapo anaweza kusema yote akiwa bado ndani. Usiandike habari hii kwenye barua ya kumpelekea gerezani. Barua za mahabusu husomwa. Kwenye simu ya gereza pia usiitaje.

Siku akiletwa, fika kabla lori la magereza halijashusha watu. Mtafute karani wa korti hiyo kabla hakimu hajaingia, umwambie kwa upole kwamba kuna jambo la afya na usalama wa mshtakiwa na mnaomba lisikilizwe chemba, yaani faraghani ofisini kwa hakimu. Huna haja ya kusema zaidi kwa karani. Na nduguyo, jina lake likiitwa, aseme neno moja tu akiwa kizimbani: "Mheshimiwa, nina jambo la afya na usalama wangu, naomba kusikilizwa chemba." Mfundishe alikariri, kwa sababu mtu akisimama pale, wenziwe wamejaa nyuma yake na baadhi yao ni wa seli ileile, maneno hupotea. Maombi ya chemba hutolewa kwa mambo mengi, ya ugonjwa, ya familia, na aliyekaa nyuma hawezi kujua ni lipi.

Siku hiyohiyo bondi iguswe. Katiba, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti yanayokubalika na akili, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Laki moja kwa kijana wa bodaboda asiye na hati yoyote nyumbani yafaa ielezwe mahakamani kwamba imewashinda. Mwombe hakimu aagize ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo atakuja Barani, ataongea nawe, na mama, na mzee wa mtaa. Mpokee vizuri, mweleze anakokaa kijana na kazi yake. Ripoti njema imewashusha wengi kutoka laki hadi kiasi kinachochangika. Kuliko vyote nilivyotaja, kumtoa mle ndani ndiko kutakakomlinda.

Akishatoka, au hata kabla, kuna namba ya bure ya 1195 inayopokea habari za dhuluma za kijinsia usiku na mchana. Wanaume pia wanahudumiwa, na wewe mwenyewe unaweza kuipiga leo ukaongea tu. Mombasa, katika hospitali kuu ya Pwani, kuna kituo cha kuwahudumia manusura, ambapo atapata nasaha kwa mtu aliyesomea. Kwa malalamiko juu ya gereza lenyewe, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Mombasa na inaruhusiwa kukagua magereza. Kama waliotenda ni polisi katika seli za kituo, hayo ni ya IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Na mwenye mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefungiwa na watu wazima, apige 116, namba ya kuwasaidia watoto, sasa hivi, katiba inakataza.

Marekani walitunga sheria ya ubakaji magerezani mwaka 2003, na kanuni zake za 2012 zinalitaka gereza limpe mfungwa anwani na namba za washauri wa nje, na njia ya kuongea nao kwa siri kadiri iwezekanavyo. Huko nako maovu hayajaisha, lakini lile la namba nimelipenda. Ningetamani kuona 1195 imepakwa rangi ukutani katika kila bloku kuanzia gereza la Shimo la Tewa mpaka Hindi, na simu ya kuipigia iwe mahali ambapo nyapara hasikii. Wanawake walioko ndani wanazo hata kanuni zao za Umoja wa Mataifa, za Bangkok, za 2010, zinazosema anayetoa habari ya kudhulumiwa apewe ulinzi na nasaha mara moja. Siku nyingine nitaliandikia hilo peke yake, maana nao wana yao.

Vitu vizuri usimpelekee, amekwambia mwenyewe. Sabuni kipande kidogo, kama wanavyoletewa wengine. Lakini wewe nenda. Mfungwa anayetembelewa kila mara huogopwa kuguswa zaidi ya asiye na mtu, kwa sababu wenziwe wanajua ana mdomo huko nje. Mkionana, usimuulize tena ilikuwaje. Alishakwambia. Muulize amelala vipi, amekula, maumivu yamepungua, na yale matatu amechagua lipi. Mpe pia habari za nyumbani na za watoto na timu yake. Siku nyingine atataka kuwa tu mdogo wako.

Mama usimwambie. Ni neno la nduguyo, na siku atakapoona anaweza, atamwambia au atakuomba umwambie wewe. Akikuuliza mbona huna raha, mjibu lililo kweli: mdogo wangu mgonjwa huko ndani na natafuta namna apelekwe hospitali na bondi ipungue. Si uongo, na mama akijua kuna mambo hayo mawili ya kushughulikia huenda hati ya shamba la babu ikapatikana njia, au akamjua mtu wa kudhamini. Mume wako ni uamuzi wako wewe. Ila safari za korti na gereza zitataka nauli, zitataka mtu wa kuangalia karai jioni, na wewe pia unahitaji mtu wa kukuona ukilia. Ukimwamini mfungulie kidogo, kwamba nduguyo ameumizwa ndani, pasipo kueleza namna. Ukikwama masjala au kwa karani, niandikie nitakutafutia wa kukushika mkono pale pale Malindi.